Mbegu ya Tofaa na Kokwa ya Embe

1. Mtoto na mbegu tano

Mji wa Kalemie uko ukingoni mwa ziwa Tanganyika, karibu na mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani na kuelekea mto Kongo. Zamani mji huo uliitwa Albertville. Bandarini hupita vitu vingi: dagaa, mahindi, mawese, saruji, nguo. Pengine hupita hata matunda ya nchi za mbali.

Siku moja mtoto mmoja wa shule alipewa tofaa na mjomba wake, aliyetoka safari ya Lubumbashi. Tofaa ni tunda la mviringo, lenye ganda jembamba jekundu, kijani au manjano. Watu wengi wa Kongo huliita pome. Mtoto alilila polepole ili lisiishe upesi. Katikati alikuta mbegu ndogo tano za rangi ya kahawia. Akazitia katika kopo lenye udongo, akazimwagilia maji, akambebea babu yake kopo lile.

Babu alikuwa ameketi chini ya mwembe mkubwa ulio nyuma ya nyumba. Uso wake ulikuwa na mawazo. Asubuhi ile mchoma makala alikuja kuutazama mwembe ule. Alitaka kuununua, aukate, achome makala ya kuuza sokoni. Paa la nyumba lilikuwa limetoboka, na mvua zilikuwa karibu kuanza. Babu hakumjibu siku ile. Alimwambia arudi Jumamosi.

"Babu," mtoto aliuliza, "nimepanda matofaa. Nitakula lini? Mwaka ujao?"

Babu alicheka, lakini hakumdharau. Akasema, "Mjukuu wangu, hilo ni swali jema. Nami nina la kwangu, tena ni ndugu ya lako. Mwembe huu ukikatwa, mwingine utachukua miaka mingapi kushika mahali pake? Kamwulize mwalimu wako maswali yote mawili. Jumamosi uniletee majibu."

Mtoto akaenda kwa mwalimu. Mwalimu alifurahi sana, na wiki ile akawafundisha wanafunzi wote habari za miti na wakati wake wa kuzaa. Haya ndiyo mambo waliyojifunza.

2. Miti haina mwendo mmoja

Mti mmoja huzaa upesi, mwingine huzaa baada ya miaka mingi. Mpapai ukipandwa kwa mbegu huanza kutoa matunda yaliyoiva karibu na mwaka mmoja. Mgomba nao hutoa mkungu baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Nanasi hungojewa mwaka mmoja na nusu, au miwili. Mpera huzaa baada ya miaka 2 hadi 4. Mchikichi wa mbegu nzuri, ukitunzwa, huanza kuzaa katika mwaka wa 3 au wa 4.

Halafu iko miti ya kungojewa sana. Mwembe uliopandwa kwa kokwa huchukua miaka 5 hadi 8, na pengine zaidi. Mparachichi wa mbegu, yaani mti wa avoka, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10, au kupita hapo. Mchungwa wa mbegu huweza kufika miaka 8 au zaidi. Mtofaa wa mbegu huchukua miaka 6 hadi 10.

Kwa nini miti haifanani? Utazameni mpapai. Shina lake ni laini, ndani ni tupu, na matawi hauna. Hukua upesi, huzaa upesi, na baada ya miaka michache huchoka. Sasa utazameni mwembe. Mbao zake ni ngumu, mizizi yake hushuka mbali ardhini, matawi yake huifunika nyumba nzima kwa kivuli. Mwembe huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Mti wa kuishi siku nyingi hujenga mwili wake kwanza, kisha ndipo huzaa.

3. Utoto wa mti

Jani la mti ni jiko lake. Huko ndani mti huchukua hewa, na maji yaliyopandishwa na mizizi, na mwanga wa jua, ukatengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo chakula cha mti wote. Mti ulio mdogo hukitumia chakula hicho kurefusha mizizi, kunenepesha shina na kuongeza majani. Haubakiwi na akiba ya kutosha ya kulisha matunda.

Lakini si chakula tu. Mti uliotoka katika mbegu una utoto wake, kama mtu alivyo na utoto wake. Mtoto wa miaka 5, hata akila ugali na samaki kila siku, hawezi kuota ndevu kesho. Siku zake hazijatimia. Vivyo hivyo mche wa mwembe, hata ukitiwa samadi nyingi, hautoi maua kabla utoto wake haujaisha. Tena samadi ikizidi sana, mti huongeza majani tu na kuchelewa kuzaa.

Utoto ukiisha, jambo geni hutokea katika macho ya matawi, yaani vile vichipukizi vidogo vilivyo mwishoni mwa tawi na kandokando yake. Zamani kila jicho lilitoa majani tu. Sasa macho mengine hutoa maua. Katika mwembe, majira ya kiangazi huuhimiza mti kufanya hivyo. Ndiyo maana watu wa Kalemie huiona miembe imejaa maua wakati wa ukame, na maembe huiva mvua zinapokuwa zimeanza. Tangu ua mpaka embe lililokomaa hupita miezi mitatu hadi mitano.

4. Mtofaa unataka baridi

Mtoto aliuliza, "Basi nikingoja miaka 10, nitakula matofaa yangu hapa Kalemie?" Mwalimu alimjibu kwa kumwonyesha ramani ya dunia.

Mitofaa ya kwanza ilitoka katika milima ya Asia ya kati, katika nchi iitwayo leo Kazakhstan. Huko kuna majira ya baridi kali, na theluji hufunika ardhi. Mtofaa umejifunza kuishi na baridi hiyo. Baridi ikija, huangusha majani yote na kulala usingizi. Hauamki mpaka baridi itimize muda wake. Aina nyingi za mitofaa hutaka saa 800 hadi 1,000 au zaidi za baridi iliyo chini ya digrii 7 kabla ya kuamka vizuri. Zikikosekana saa hizo, mti huamka nusunusu: tawi hili lina majani, lile limebaki wazi, na maua ni machache au hakuna.

Kalemie iko karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa hayapoi sana. Hata usiku wa mwezi wa saba, mtu akijifunika blanketi, baridi yake haikifikii kipimo cha mtofaa. Kwa hiyo mbegu za mtoto zinaweza kuota, na mche unaweza kukua, lakini hakuna tumaini kubwa la kuvuna.

Mtu akipanda mlimani hali hubadilika. Kila meta 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Kusini ya Kalemie, upande wa Moba, iko milima ya Marungu, ambayo hupita meta 2,000. Huko juu, mtu wa pwani ya ziwa hutetemeka usiku. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Tanzania, wakulima wa Lushoto, Njombe na Makete hupanda matofaa katika milima yao ya baridi. Wakulima wa milima ya Kenya pia hufanya hivyo. Wengi wao hupanda aina zisizohitaji baridi nyingi. Aina moja ya namna hiyo inaitwa Anna, na ilizalishwa Israeli.

Wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, wana ujanja mwingine. Nchi yao haina majira ya theluji. Wakiisha kuvuna, huyapukuchua majani yote ya mtofaa kwa mikono. Mti haupati nafasi ya kulala usingizi mzito. Macho yake hufunguka upya na kutoa maua. Lakini hata wao hawalimi pwani penye joto. Bustani zao ziko milimani.

5. Mbegu si picha ya mama yake

Tena kuna jambo la pili. Tuseme mbegu zile za mtoto zingepandwa mahali pa baridi, zikakua, zikazaa. Je, tunda lingekuwa tamu kama lile alilopewa na mjomba? Pengine sivyo. Pengine lingekuwa dogo na chungu.

Sababu ni hii. Ndani ya ua kuna unga mwembamba uitwao chavua. Nyuki huuchukua kutoka ua hadi ua. Ua la mtofaa hutaka chavua ya mtofaa wa aina nyingine ndipo lizae vizuri. Kwa hiyo kila mbegu ina mama na ina baba. Watoto wa nyumba moja hawafanani kabisa na mama yao: mmoja ni mrefu, mwingine mfupi, mwingine ana macho ya babu. Ndivyo zilivyo mbegu za tofaa. Mbegu tano za tunda moja zinaweza kutoa miti mitano iliyo mbalimbali.

Jambo hili lilionekana wazi katika nchi ya Kongo yenyewe, katika mti ambao kila mtoto wa Kalemie anaujua, yaani mchikichi. Kuna michikichi ambayo kokwa yake ina ganda nene. Aina hiyo inaitwa dura. Kuna mingine isiyo na ganda la kokwa. Inaitwa pisifera, na mingi yake haizai vizuri. Aina ya tatu ina ganda jembamba na nyama nyingi yenye mafuta, inaitwa tenera. Wakulima waliipenda tenera, wakapanda mbegu zake, lakini miti iliyoota haikuwa tenera yote. Mwaka wa 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen wa kituo cha Yangambi, karibu na Kisangani, walieleza sababu. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukizalisha tenera kwa tenera, katika miti minne hupata kwa wastani mmoja dura, miwili tenera na mmoja pisifera. Ukitaka tenera yote, lazima mama awe dura na baba awe pisifera.

Tangu hapo mashamba makubwa ya michikichi katika nchi nyingi za dunia hupandwa mbegu za namna hiyo. Mkulima asiyejua jambo hili huokota kokwa chini ya mchikichi mzuri, hungoja miaka minne, kisha hushangaa kuona michikichi yake ina maganda mazito na mafuta haba. Hakuibiwa na mtu. Mbegu ilimpa ilichokuwa nacho.

Maembe yana habari yake. Aina nyingine za embe hutoa miche kadhaa katika kokwa moja, na mingi ya miche hiyo hufanana na mama kabisa. Ndiyo sababu kokwa ya mwembe wa kijijini huweza kutoa maembe kama yale yale. Lakini aina nyingine hutoa mche mmoja tu, na huyo hawezi kutegemewa.

6. Tawi la mti mkubwa juu ya mche mdogo

Tangu kale wakulima walijiuliza: Je, hakuna njia ya kuufupisha utoto wa mti na kuulinda utamu wa mama? Njia ipo. Inaitwa kubebesha, kwa sababu mche mdogo hubebeshwa tawi la mti mwingine.

Kwa mwembe kazi hufanywa hivi. Kwanza, kokwa hupandwa katika mfuko wenye udongo mzuri. Mche ukifikia unene wa kalamu ya risasi, hukatwa kichwa, na shina lililobaki hupasuliwa kidogo katikati. Pili, huchukuliwa kitawi cha unene ule ule kutoka mwembe mkubwa unaozaa maembe mazuri. Chini yake huchongwa pande mbili kama kabari. Tatu, kabari huingizwa katika ufa wa shina. Lazima ngozi ya kijani iliyo chini ya gome la kitawi ikutane na ngozi ya kijani ya shina, maana huko ndiko uhai wa mti ulipo. Nne, mahali pa kuungana hufungwa kwa utepe wa plastiki ili maji yasiingie na hewa isikaushe. Kisu kiwe kikali na safi. Baada ya wiki chache macho ya kitawi hufunguka, na majani mapya hutoka.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mizizi ya mti huo ni ya mtoto, lakini tawi lake ni la mtu mzima. Tawi lilikwisha kumaliza utoto wake juu ya mti ule mkubwa, wala halirudi utotoni kwa sababu ya kuhamishwa. Kwa hiyo mwembe uliobebeshwa huzaa katika miaka 3 au 4, badala ya 5 hadi 8. Na maembe yake ni yale yale ya mti wa kwanza, kwa kuwa tawi ni mwili wake.

Kwa mitofaa, wakulima hawapandi mbegu wakitegemea matunda yake, hubebesha. Tena mizizi inayobeba ina nguvu ya kuamuru kimo cha mti na wakati wa kuzaa. Katika kituo cha East Malling, Uingereza, watafiti wa karne ya 20 waliipanga mizizi hiyo kwa aina zake. Mtofaa uliobebeshwa juu ya mizizi ya aina fupi huzaa katika miaka 2 au 3, na mtu huchuma amesimama chini. Juu ya mizizi ya aina kubwa, hungoja miaka 5 hadi 8.

Iko habari ya mparachichi mmoja inayoonyesha nguvu ya kubebesha. Katika miaka ya 1920, mtu mmoja wa California, Marekani, aitwaye Rudolph Hass, alipanda mbegu ya parachichi. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua. Alijaribu kuubebesha mche ule tawi la aina nyingine, lakini tawi halikushika. Karibu aukate, lakini akaambiwa auache ukue. Ulipozaa, matunda yake yalikuwa na ganda jeusi lenye vipele, na hayakupendeza macho. Lakini watoto wake walipoyaonja waliyapenda kuliko mengine yote. Mwaka wa 1935 Hass alipata hati ya serikali ya kulinda aina yake. Mti ule wa kwanza ulikufa mwaka wa 2002. Lakini matawi yake yamebebeshwa juu ya miche mingine tena na tena, na leo maparachichi ya Hass hulimwa hata Kenya na Tanzania na kupelekwa ng'ambo. Yote ni mwili wa mti mmoja uliokaribia kukatwa kabla ya kuzaa.

7. Miembe ya njia ya misafara

Mwembe si mti wa asili wa Afrika. Ulitoka upande wa Uhindi, ukaletwa pwani ya mashariki kwa majahazi. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka Ujiji watu walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakashuka Mtowa, kaskazini ya Kalemie, wakaendelea mpaka Kabambare na Kasongo. Ilikuwa biashara ya pembe za ndovu, na pia biashara mbaya ya watumwa. Watu wengi walitembea njia ile shingo zao zikiwa zimefungwa.

Kando ya njia hiyo, maembe yaliliwa na miembe ikapandwa. Katika Ujiji, mwaka wa 1871, Stanley alimkuta Livingstone, na watu husema walikutana chini ya mwembe. Mti ule haupo tena. Miembe iliyopo mahali pale leo, wenyeji husema ni wazao wake. Huko Bagamoyo, mamisionari waliofika mwaka wa 1868 walipanda miembe kando ya njia ya misioni yao, na kivuli chake kimewafunika watu wa vizazi vingi.

Biashara ya watumwa imekwisha, na majina ya wengi waliopita yamesahauliwa. Miembe imebaki. Watoto wa leo hula matunda yake wala hawajui mkono wa nani ulipanda.

8. Kungoja si kukaa bure

Wengine husema, "Miaka mitano ni mingi. Nitakula nini?" Jibu ni kwamba mkulima mwenye akili hapandi mti mmoja tu. Hupanda ili kila mwaka uwe na chakula chake.

Miembe huachiana nafasi ya meta 8 hadi 10, kwa maana itakuwa mikubwa. Miaka ya kwanza nafasi hiyo ni wazi. Basi hupandwa maharage na karanga katikati yake. Hupandwa mipapai, ambayo italiwa mwaka wa pili. Hupandwa migomba na mananasi. Miembe inapoanza kutanda, mipapai imekwisha kuchoka. Hivyo chakula cha mwaka mmoja humlinda mtu mpaka kije chakula cha miaka 100.

Kwa kila mti huchimbwa shimo la sentimeta 60 kwenda chini na 60 kila upande. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza, kisha hurudishwa. Wakati wa kiangazi mche humwagiliwa maji, na majani makavu hutandazwa chini yake ili udongo usikauke. Lakini yasiguse shina, yasije yakaliozesha. Ua wa miti hujengwa kuuzuia mbuzi. Mbuzi mmoja anaweza kula miaka mitatu kwa asubuhi moja. Nyasi zinazozunguka hulimwa ili moto wa porini usifike.

Maua ya kwanza yakitoka mapema, mche ukiwa bado dhaifu, hukatwa. Ni vigumu kuyakata, lakini mti huo utapata nguvu. Tena mahali pachaguliwe vizuri. Mwaka wa 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda sana, yakaingia katika nyumba na njia za Kalemie. Mti wa kuishi miaka mingi haupandwi mahali ambapo maji yanaweza kuufuata.

9. Siku ya Jumamosi

Jumamosi ilipofika, mtoto alikaa na babu chini ya mwembe. Mchoma makala alikuwa bado hajaja.

"Babu, nimeleta majibu. La kwangu ni hili: mbegu zangu za tofaa zikiota, zingehitaji miaka 6 hadi 10, tena mahali pa baridi. Hapa pwani sitavuna. Na jibu lako ni hili: tukipanda kokwa, ni miaka 5 hadi 8 ndipo tuone embe la kwanza. Tukibebesha, ni miaka 3 au 4. Lakini hiyo ni miaka ya embe la kwanza tu. Kuwa mkubwa kama huu, pengine ni miaka 20 au zaidi."

Babu alinyamaza akihesabu. Kisha akasema, "Miaka 20. Mimi sitakuwapo."

Mtoto hakujua la kusema. Babu akaendelea: "Mwembe huu aliupanda mama yangu. Nilipokuwa kama wewe, nilikuwa naupita kwa kimo. Makala yake yatauzwa kwa wiki moja, na fedha yake itakwisha kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo, hakuna embe wala kivuli wala makala."

Mchoma makala alipofika, babu alimsalimu vizuri, akampa maji ya kunywa. Hakumwuzia mti. Alimwonyesha matawi mawili yaliyokauka upande wa nyuma, akamwuzia hayo tu. Fedha ilikuwa kidogo. Ilitosha kununua bati moja la kuziba mahali palipovuja zaidi. Mahali pengine palizibwa kwa nyasi, pangojee mavuno ya maembe.

Majirani wa babu walisikia, na wengine walicheka. Lakini maembe ya mwaka ule yalipoiva, wake zao walikuja na vikapu kuyanunua.

Katika mbegu tano za tofaa, mbili ziliota. Mtoto hakuzitupa. Aliziacha katika kopo azitazame zinavyokua, kwa sababu kujua nako ni mavuno. Lakini mwanzoni mwa mvua, yeye na babu walipanda kokwa tatu za embe katika mifuko mitatu. Miche ilipofikia unene wa kalamu, mwalimu alikuja na kisu kikali, akawaonyesha namna ya kubebesha tawi la mwembe wa nyumbani. Mche mmoja ulikufa. Miwili ilishika.

Wahenga walisema: Mvumilivu hula mbivu. Mtoto yule sasa anajua kwamba uvumilivu si kukaa na kukunja mikono. Ni kumwagilia maji leo, kufukuza mbuzi kesho, na kuuzuia mti wa zamani usikatwe mpaka mti mpya uwe tayari.

Maswali

1. Kwa nini mpapai huzaa mapema kuliko mwembe?
2. Mtofaa unakosa nini katika mji wa Kalemie?
3. Watafiti wa Yangambi walieleza nini juu ya mchikichi mwaka wa 1941?
4. Kwa nini mwembe uliobebeshwa huzaa kabla ya mwembe wa kokwa?
5. Mkulima apande nini katikati ya miembe midogo, na kwa sababu gani?
6. Hesabu: Ukipanda mwembe wa kokwa mwaka huu, ukazaa baada ya miaka 7, utakuwa na umri wa miaka mingapi siku hiyo?
7. Utafute mti wa matunda ulio mkubwa kupita yote karibu na nyumba yenu. Waulize wazee ni nani aliyeupanda.